Iko, Haiko: Zuhurah wa Koboko

Zuhurah binti Hamuza hanywi chai ambayo hakuiona ikimiminwa. Ukimkaribisha kiti, anakitikisa kwanza. Akipigiwa simu na namba asiyoijua, anapokea na kukaa kimya mpaka mpigaji ajitaje, na akishajitaja anaulizwa, “Nani nakupa hii namba?” Watu wa Koboko wanasema ana roho mbaya. Mimi nasema roho yake ni nzuri, ila ameifungia kufuli, na ufunguo ameuficha mahali ambapo hata yeye pengine hapakumbuki.

Mimi naitwa Night. Nina duka la simu mjini Arua, huku West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, hapo karibu na stendi: nachaji simu, nauza kava, najaza nyimbo kwenye memori kadi. Zuhurah ni fundi wa kompyuta, duka lake liko Koboko, na yeye ndiye aliyetengeneza Jirani, mtandao wetu sisi wauza nyimbo wa huku. Sikukaa hapa kumsifu. Nataka mjue ni mtu wa namna gani, na nini kilimpata sauti ya marehemu baba yake ilipopotea ndani ya mtandao alioujenga kwa mikono yake mwenyewe.

Baba huyo, Mzee Hamuza, alikuwa askari. Serikali ya jeshi ilipoanguka, zamani hizo Zuhurah hajazaliwa, familia yao ilikimbilia Kongo kwa miguu. Mzee alisimulia kwamba waliokuja kuwatafuta nyumbani walikuja na orodha. Walisoma majina yote, mpaka ya watoto. Toka siku hiyo neno orodha lilikuwa tusi ndani ya nyumba yao. Na kwenye kukimbia huko, kwenye kuvuka kijito katikati ya msukumano wa watu, mtoto wao wa pili, Sebit, aliuachia mkono wa mama yake. Hawakumwona tena, akiwa hai wala akiwa maiti.

Huko ukimbizini Mzee Hamuza akaanza desturi aliyoendelea nayo hata waliporudi Koboko. Kila jioni baada ya magharibi aliwaita watoto majina, kwa sauti ya kambini, ya askari anayehesabu wenzake. Muzamili, yule mkubwa, aliitwa kwanza, akajibu, “Iko!”, yaani nipo. Kisha Sebit. Hapo Mzee alinyamaza, akangoja kiasi cha mtu kuweza kujibu, ndipo akaita Zuhurah, mtoto aliyezaliwa baadaye. Hakuna aliyeruhusiwa kumwitikia mwenzake. Zuhurah alikua akisubiri zamu yake nyuma ya kimya cha kaka ambaye hakuwahi kumwona sura. Sasa mniambie mtoto wa namna hiyo angekua akiamini watu kwa sababu gani.

Alisoma kompyuta Kampala, akarudi, akanikuta nikihangaika. Zamani mtu akitaka mahubiri ya mchungaji fulani au nyimbo za harusi za Kikakwa, ilinibidi nipige simu duka baada ya duka kuuliza nani anazo. Bando ni ghali, na uchaguzi ukija intaneti inazimwa, tunabaki kutazamana. Zuhurah akafunga antena juu ya milingoti, kutoka Inde kuja Arua, kwenda Omugo, Dranya na Koboko, mpaka kompyuta za maduka yetu zikawa zinaongea zenyewe kwa zenyewe.

“Na ile kompyuta kubwa, ya kuziongoza, iko wapi?” nilimuuliza.

“Hapana iko,” akasema. “Kompyuta kubwa iko na mwenyewe. Mwenyewe watu nashika, watu nanunua, watu natisha. Mimi hapana taka mwenyewe.”

Utaratibu wake nitaueleza kama alivyonieleza mimi, mtu ambaye hesabu niliziacha shuleni nazo hazikunifuata. Kila rekodi inasagwa na mashine, toka pumzi ya kwanza hadi ya mwisho, mpaka itoke namba moja ndefu. Namba hiyo ni ya rekodi hiyo tu. Ukiongeza hata kikohozi, inatoka namba nyingine kabisa. Kila kompyuta nayo ina namba yake, na rekodi inakwenda kukaa kwenye kompyuta mbili ambazo namba zao zinaikaribia zaidi. Karibu kwa hesabu, si karibu kwa miguu. Wimbo nilioingiza mimi Arua unaweza kulala Omugo, na jirani yangu wa namba akawa mtu wa Dranya ambaye hata akinikanyaga sokoni simjui.

Ukitafuta, huwaulizi watu wote. Kompyuta yako inajua majirani wachache tu. Inamuuliza yule ambaye namba yake iko karibu zaidi na unachotafuta. Huyo kama hana, anakutajia mwingine aliye karibu kumzidi, naye anakusogeza mbele, mpaka unafika kwa yule ambaye hapana mwingine wa kumpita. Huyo ndiye mwenye neno la mwisho, na jina lake linatokea kwenye skrini pamoja na jibu, ambalo Zuhurah aliliandika kwa Kiswahili chetu cha huku: iko, au haiko. Na rekodi ikikufikia, kompyuta yako inaisaga upya. Ikitoa namba ileile, hakuna aliyeigusa. Ikitoa nyingine, unaitupa, na huna haja ya kumchunguza aliyekuletea kama ni mwizi au mtakatifu.

Hilo la mwisho ndilo lililomfurahisha Zuhurah kuliko yote. Alikuwa ametengeneza mtandao wa watu wasioaminiana, nasi kwa kutoaminiana hatukuwa na upungufu.

Akabaki na swali la namba za kompyuta. Angeweza kuiacha kila mashine ijichagulie. Akakataa. Alisema mwizi atachagua na kuchagua tena mpaka apate namba iliyo karibu na kitu anachotaka kukimeza, kisha atakaa hapo, na kila atakayekiulizia ataambiwa haiko. Kwa hiyo namba yako ilisagwa kutoka kwenye jina lako. Tena si jina la kadi, kwa sababu huku mpakani mtu ana jina la kadi ya wakimbizi, jina la ubatizo na jina la kumdanganyia polisi. Alitaka jina la nyumbani.

“Jina mama nakupa, hiyo mutu hapana badilisha kila asubuhi,” alisema.

Mgeni akitaka kujiunga, Jirani ilianza kwa kuita jina lake mtandao mzima. Akitokea mwanachama wa kuitika iko, mgeni aliambiwa jina lina mwenyewe, aongeze la baba yake. Wakinyamaza wote, aliingia. Na mwanachama yeyote aliweza kumwingiza mwenzake bila kutuarifu sisi wengine, maana orodha ya wanachama haikuwepo. Nilipomshauri Zuhurah awe nayo alinitazama kana kwamba nimetaka kumuuza.

Basi. Siku moja Mzee Hamuza akaja dukani kwangu akiwa na Zuhurah, anatembea kwa fimbo lakini kifua mbele. Akasema anataka kuacha maneno yatakayosikika siku ya arobaini yake.

“Lakini hapana baki kwa mutu moja,” akasema. “Si kwa Muzamili, si kwa huyu. Weka kwa ile Jirani.”

Akatutoa nje wote wawili, akafunga mlango wangu kwa komeo langu. Nilitega sikio, sina haja ya kuficha, duka ni langu. Nilisikia neno moja ambalo sikulipata vizuri, kisha kimya kirefu, neno jingine, kimya tena. Nikadhani pumzi zinamkatika. Alipotoka tuliingiza rekodi kwenye Jirani bila kuifungua, namba yake ikatumwa kwenye simu ya Zuhurah na simu ya Muzamili, ili hapo asiwepo wa kumchezea mwenzake. Nakala iliyobaki kwenye mashine yangu nikaifuta. Ndivyo alivyotaka, na alisimama nyuma yangu mpaka akaona nimefuta.

Mzee akafariki msimu wa mvua, akazikwa Koboko. Hapo ndipo maneno yalipoanza.

Muzamili ni dereva wa lori wa barabara ya Juba, mtu mzima mwenye ndevu nyeupe, na alikuwa na hakika kwamba rekodi ile inataja nani abaki na nyumba ya Koboko. Zuhurah naye alikuwa na hakika hiyohiyo. Kila mmoja aliamini mwenzake ameshajua. Katikati yao alikuwa mama yao, Mama Afisa, ambaye macho yamekwisha, picha hazimsaidii kitu. Yeye alisema jambo moja tu, na alilisema kila siku.

“Mimi nataka kusikia sauti yake. Maneno ya nyumba iko kwenu. Arobaini yake ikifika, mimi nataka sauti.”

Zuhurah akakaa mbele ya kompyuta yake, Muzamili amesimama nyuma yake, akaweka namba. Skrini ikafikiri. Ikaandika: Wani: haiko.

Akaweka tena. Wani: haiko.

“Ingine iko wapi?” Muzamili akauliza. “Wewe nasema kompyuta mbili.”

Ya pili ilikuwa kwa Loku, muuza betri wa Dranya. Akapigiwa simu. Loku akasema mlingoti wake ulipigwa na radi wiki ya mazishi, na kompyuta yake imeungua mpaka imenuka kama tairi. Kwa hiyo kilichobaki ni huyo Wani.

“Hii mtandao nani natengeneza?” Muzamili akasema. “Ni wewe. Sasa unazima sauti ya baba, halafu unasema radi.”

Zuhurah alinieleza hayo kwa simu, na kwa mara ya kwanza nilimsikia akilia. Alilia kwa hasira, lakini ni kilio tu. Mtu aliyewashuku watu maisha yake yote alikuwa ameshukiwa yeye, na nduguye mwenyewe, mbele ya mama yao.

Akanipa ile namba, nikajaribu kutafuta kutoka kwangu Arua. Haiko. Jioni nikajaribu tena, na hapo nikaruka: Wani: iko! Rekodi ikaanza kuja. Kabla haijafika mahali popote ikakatika, na nilipouliza upya, Wani yuleyule akajibu haiko. Jamani, kompyuta haisahau mchana na kukumbuka jioni. Nikakumbuka pia kwamba tangu mvua zianze kuna nyimbo zilizokuwa zikipatikana asubuhi na kukosekana alasiri, na mara zote jina kwenye skrini lilikuwa hilohilo. Nikaona wazi: mtu huyu anachagua nani wa kumpa na nani wa kumnyima.

Na Wani alikuwepo, tunamjua. Alikuwa mfanyabiashara kutoka Sudan Kusini aliyefungua duka Koboko mvua zilipoanza, la viatu, kava na nyimbo. Zuhurah mwenyewe alimwingiza kwenye Jirani. Alikuwa mtu wa kutabasamu kabla hajasalimiwa, na mimi mtu wa hivyo simwamini hata kidogo. Muzamili alisema Wani amekula njama na Zuhurah. Zuhurah alisema Wani amekula njama na Muzamili. Mimi nilikuwa katikati, nikiwashuku wote watatu kwa zamu.

Arobaini ilipobaki siku chache nikapanda gari kwenda Koboko. Tukaenda dukani kwa Wani mimi, Zuhurah, na Muzamili aliyekataa kuachwa nyuma. Ilikuwa siku ya soko na watu wakajaa mlangoni, maana huku uso wa Zuhurah ukikunjwa watu wanajua pana jambo.

“Karibu, dada, karibu,” Wani akasema, na tabasamu lake.

“Fungua hiyo mashine,” Zuhurah akasema.

Akafungua. Zuhurah akachungulia kila pembe ya kompyuta ile. Palikuwa na nyimbo, mahubiri, mechi za mpira. Rekodi ya Mzee haikuwemo, wala alama kwamba imewahi kuwemo.

“Wewe nafuta.”

“Mimi hapana futa kitu. Mimi hapana jua hiyo mzee hata.”

“Kila siku watu nauliza, jina yako nasema haiko. Jana kwa Night nasema iko. Leo haiko. Wewe ni Wani ama si Wani?”

“Mimi ni Wani.”

Zuhurah akaizima mashine, akachomoa waya wa antena na kunipa mkononi. Akasema mbele ya watu kwamba kuanzia leo Wani hayumo Jirani, na mwenye nyumba ajue amempangisha mtu wa namna gani. Huko nje watu walianza kunung'unika, na mmoja akasema hawa Wasudani warudishwe kwao. Tabasamu la Wani likaondoka. Alikuwa kijana kuliko nilivyodhani.

Zuhurah, kwa kuwa haamini hata kazi ya mikono yake, akafungua kompyuta yake ya begani ahakikishe mtu huyu ametoka kweli. Akaita Wani.

Skrini ikajibu: Wani: iko.

Waya ulikuwa mkononi mwangu. Mashine ya Wani ilikuwa mezani, imezimwa, skrini nyeusi. Akaita tena. Wani: iko.

“Iko na ingine nyumbani!” Muzamili akapiga kelele. “Mimi nasema nini? Anaficha mashine ingine!” Akamshika Wani shati.

Wani akamsukuma, na sasa alikuwa akilia kwa uchungu.

“Wani! Wani! Nyinyi nafikiri Wani iko moja? Mimi ni kijana ya tatu! Kwetu kijana ya tatu jina yake ni Wani. Mama akizaa vijana tatu, iko na Wani kwa nyumba. Enda kule Omugo, kwa kambi, simama barabarani, ita Wani! Utaona watu wangapi nageuka!”

Zuhurah akakaa juu ya rundo la viatu. Hakulitikisa kwanza, alikaa tu. Kwao majina yanatoka msikitini na kwa mababu. Maisha yake yote amesikia Wani huyu na Wani yule, na hakuwahi kujiuliza kwa nini ni wengi. Nikamwona midomo inacheza, anapanga jambo kichwani.

“Siku nakuingiza,” akamwambia Wani polepole, “mvua nanyesha.”

“Mvua kubwa.”

“Mimi naita Wani. Mtandao yote nanyamaza.” Akanigeukia. “Night, iko Wani ingine. Iko zamani. Hiyo siku sola hapana pata jua, betri yake nakufa, hapana jibu. Mimi nafikiri jina haina mutu. Nachukua nafasi yake, napa huyu.”

Ndivyo ilivyokuwa. Jina moja, kwa hiyo namba moja. Rekodi ya Mzee ilikuwa imekaa kwa Wani wa kwanza tangu mwanzo. Baadaye akaja Wani wa pili kwenye namba ileile, na kuanzia hapo aliyeuliza alifikishwa kwa yule aliyesikika karibuni zaidi. Wa Koboko hakuwa na kitu na alijibu kweli kwamba hana. Wa kwanza alikuwa nacho, naye akifikiwa alijibu kweli kwamba kipo. Hakuna aliyesema uongo. Na kwa kuwa hatukuwa na orodha, hakuna mtu katika West Nile nzima aliyeweza kutuambia kwamba wako wawili.

Waya ukiwa bado mkononi mwangu, Zuhurah akaweka namba ya baba yake. Wani: iko. Rekodi ikaanza kuja, ikaja yote. Mashine ikaisaga. Muzamili akatoa simu yake na kulinganisha namba tarakimu kwa tarakimu, akisogeza kidole kama mtoto anayejifunza kusoma. Ilikuwa ileile. Hapakuwa na kikohozi kilichoongezwa.

“Hapana fungua,” Muzamili akasema. “Mpaka arobaini. Mbele ya mama.”

“Mimi hapana fungua,” Zuhurah akajibu. Kisha akasimama, akamkabili Wani mbele ya watu walewale. “Samahani, ndugu yangu. Mimi nakosa. Nakosa kabisa.” Waya akaurudisha mwenyewe, jina safari hii likaandikwa pamoja na la baba yake. Waliokuwa mlangoni wakatawanyika bila kumtazama Wani. Yule aliyesema warudishwe kwao alikuwa wa kwanza kuondoka, na viatu alivyokuwa amechagua akaviacha.

Mtu mwingine angetosheka. Zuhurah alitaka kuiona sura ya huyo Wani wa kwanza, nami nikamsindikiza hadi Omugo, huko kambini alikotutajia Wani wa Koboko. Tulimwulizia kwenye maduka, na ni kweli, walituletea Wani wengi kabla ya kumpata wetu: mtu mwembamba wa makamo, anachaji simu kwa sola kwenye makazi ya wakimbizi, na kwaya za kanisa lake ndizo zilizomfanya ajiunge. Aliyemwingiza alikuwa amekwisha kurudi kwao Yei, Sudan Kusini. Alipomsikia Zuhurah akijitaja, alisimama mlangoni bila kutukaribisha.

“Nyinyi nakuja kuchukua antena?” akauliza.

“Kwa nini?”

“Toka mvua naanza, watu hapana niuliza kitu. Mara moja, mara mbili, halafu kimya. Mimi nafikiri, hawa Waganda nanifukuza polepole, naona haya kusema.”

Kumbe naye alikuwa akitushuku sisi. Zuhurah akamuuliza kwa nini basi, kama aliona amefukuzwa, hakuvifuta vitu vya watu apate nafasi ya kwaya zake.

“Si yangu,” Wani akasema. “Nafuta namna gani kitu si yangu?”

Mkewe akatoka ndani na vikombe vya chai, imeshamiminwa. Nikamtazama Zuhurah. Alikitazama kidogo kikombe chake, akainywa chai mpaka chini, akaomba kingine.

Siku ya arobaini ua ulijaa. Kisomo kikasomwa, watu wakala, na wale Wani wawili, waliokuja wote kwa kualikwa, walikaa mkeka mmoja na kugeuka pamoja kila mtu alipotaja jina lao. Baada ya chakula Zuhurah akaweka spika mbele ya Mama Afisa. Muzamili akaja akasimama upande wa pili. Hawakutazamana. Majirani wakasogea, maana habari za nyumba kila mtu alikuwa amezisikia, na walitaka kujua nani atahama.

Rekodi ikafunguka. Kwanza ilisikika pumzi ya Mzee, halafu kiti changu cha dukani kikilia. Kisha sauti, ileile ya kambini:

“Muzamili!”

Ikanyamaza. Muzamili alitazama spika akisubiri maneno yanayofuata, na hayakuja. Ndipo nikaona yule dereva wa ndevu nyeupe anaweka miguu sawa, mikono ubavuni.

“Iko!” akasema.

“Sebit!”

Hakuna aliyeruhusiwa kumwitikia mwenzake, na kila mtu wa nyumba ile alilijua hilo. Rekodi ikangoja, kama Mzee alivyongoja kila jioni tangu Kongo. Mama Afisa, ambaye miaka yote hiyo hakuwahi kutia neno kwenye wito wa mume wake, akainua uso kuielekea spika.

“Ngojea,” akaiambia. “Iko njiani.”

“Zuhurah!”

Zuhurah alikuwa bado anamtazama mama yake. Muzamili akanyoosha mkono, akamshika bega. Rekodi ilikuwa bado inangoja.

“Iko,” akasema. “Iko, Baba.”

“Wote iko,” sauti ya Mzee Hamuza ikasema. “Haya. Lala.”

Rekodi ikaishia hapo. Neno la nyumba halikuwemo. Mama Afisa akaomba irudiwe, na mara ya pili wote watatu waliitika kwa wakati wao, bila kuchelewa.

Tangu hapo Zuhurah ameibadilisha Jirani. Jina peke yake halitoshi tena, na mtu akinyamaza, nafasi yake hapewi mwingine. Inakaa. Ameondoa pia lile neno lake la zamani: siku hizi mashine isipoitika, skrini haiandiki haiko. Inaandika iko njiani. Wateja wangu wa Arua wanagombana nami kwa ajili hiyo, wanataka niwaambie itafika saa ngapi. Nawavutia kiti, nawaambia wakae wangoje.